Vitabu vya Jubilei na Yanayoachwa: Neno juu ya Historia za Shule Zetu za Parokia

Miezi michache iliyopita kilitufikia hapa Mkolani kitabu kidogo cha jubilei, kilichotungwa kwa ajili ya shule ya msingi ya parokia moja katika nchi hizi za kandokando ya ziwa. Jina la parokia hatulitaji, wala la mtungaji, kwa kuwa hatukusudii kumwaibisha mtu. Tena kitabu chenyewe si kibaya kupita vingine. Kinafanana na ndugu zake wote. Aliyesoma kimoja amesoma vyote, na hapo ndipo lilipo neno letu. Kosa la mtu mmoja ni lake mwenyewe, lakini kosa litendwalo na wengi kwa namna moja, tena kwa nia njema, lapasa kutazamwa na sisi walimu, maana aghalabu ndio tunaoitwa kuandika vitabu hivi sherehe inapokaribia.

Tusimnyime mtungaji haki yake. Chapa ni safi, picha zaonekana vema, na majina ya maaskofu wa Mwanza yamepangwa kwa taratibu tangu Askofu Oomen, aliyewekwa mwaka 1929, hata wa siku zetu. Mapadri walioiongoza parokia wametajwa mmoja mmoja, na kila mmoja amepewa tendo lake: huyu aliezeka bati, yule alichimba kisima, mwingine alileta lori. Mtu akitaka kujua ni nani aliyekuwa paroko mwaka fulani, kitabu kitamjibu mara moja. Kazi ya namna hii yataka subira, na wengi wanaoicheka hawajapata kukaa hata siku moja kuipanga miaka ikapangika.

Lakini kitabu kimejiita historia ya shule. Nasi tulipokisoma tangu mwanzo hata mwisho hatukuona hata mahali pamoja ambapo mtoto anafundishwa jambo lo lote. Hatusemi hivi kwa dhihaka. Tulikisoma tena mara ya pili ili tusije tukamsingizia mwenzetu. Twajua bati lilitoka wapi na lilifika siku gani. Hatuambiwi waliokaa chini ya bati hilo walisoma nini, kwa lugha gani, na aliyesimama mbele yao alikuwa nani.

Chanzo cha kasoro hii kimo katika sentensi ya kwanza ya vitabu hivi, ile isemayo kuwa shule ilianzishwa na Padre Fulani mwaka fulani alipojenga darasa la kwanza. Sentensi hiyo huonekana haina hatia. Kumbe imekwisha kuamua mambo yote yatakayofuata: ya kwamba shule ni jengo, na jengo ni la mtu mmoja, na mtu huyo alitoka mbali. Baada ya hapo mtungaji hana njia nyingine ila kuhesabu majengo.

Yafaa tukumbushane jinsi mambo yalivyoanza katika pwani hii. Anayetaka kujua shule za parokia za Mwanza zimetoka wapi, na ashike njia kuu itokayo hapa Mkolani kwenda kusini, apite Buhongwa, afike Usagara, ageuke kulia kama wageukavyo waendao Kigongo, lilikofunguliwa daraja kubwa mwaka 2025. Upande huo ndiko Bukumbi. Wanaopita sasa kwa magari kuelekea Sengerema na Geita hawana habari kwamba wanapita karibu na kisima cha elimu ya nchi hii.

Hata hivyo mapadri wa kwanza hawakuanzia Bukumbi. Msafara wao uliondoka Bagamoyo mwezi wa Juni 1878, ukafika Kageye, penye ufuko wa ziwa kaskazini-mashariki ya mji wa Mwanza, tarehe 30 Desemba mwaka ule ule. Walikuwa Padre Livinhac, Padre Girault, Padre Lourdel, Padre Barbot na Bruda Amans. Wala hawakuja kwa ajili yetu. Nia yao ilikuwa Buganda, na Usukuma ulikuwa njia tu, mahali pa kungoja mitumbwi. Lourdel na Amans walivuka mwezi wa Januari 1879, wakatua Buganda mwezi wa Februari, na wenzao wakafuata baadaye. Usukuma ukasahauliwa.

Tuliwapata kwa sababu ya shida yao. Mwezi wa Novemba 1882 waliona hatari huko Buganda wakaondoka, wakavuka ziwa kurudi kusini, na pamoja nao wakachukua watoto waliokuwa wamekombolewa katika utumwa. Mwaka 1883 wakafanya makao Bukumbi. Basi miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa misioni katika pwani hii walikuwamo watoto wasio na baba wala mama wa kuwapeleka shule, walionunuliwa mikononi mwa wafanya biashara ya watu, wakavushwa maji ambayo hawakuyajua, wakafika katika nchi ambayo lugha yake haikuwa yao. Tukiitafuta siku ya kuzaliwa kwa shule zetu, ni hapo, na wala hapakuwa na jiwe la msingi wala mgeni wa heshima.

Na tazameni kalamu zetu zinavyochagua. Kabaka Mwanga, ambaye Wakristo waliuawa kwa amri yake mwaka 1886, alipinduliwa mwaka 1888 akakimbilia upande huu wa ziwa, na mapadri wakampokea hapo hapo Bukumbi. Habari hii haikosi kutajwa po pote Bukumbi inapotajwa. Mwanga alikuwa mgeni wa muda mfupi, akarudi kwake. Wale watoto walibaki, wakakua, wengine wakaoa na kuolewa katika nchi hii. Lakini kwa kuwa hawakuwa wafalme, hupewa nusu ya mstari, ikiwa wanapewa cho chote.

Turudi kwenye lile neno alijenga. Sisi walimu wa sarufi twapenda kuwauliza watoto: mtenda ni nani? Haya, na tujiulize sisi wenyewe. Aliye mzaliwa wa Usukuma anajua jinsi jengo lilivyosimama siku zile. Udongo ulichimbwa na vijana, ukakanyagwa kwa miguu, ukafinyangwa matofali, yakaanikwa, na baadaye yakachomwa kwa kuni zilizokatwa na watu wa kijiji. Maji yalipandishwa na akina mama na mabinti kwa vichwa. Nyasi za kuezekea zilikatwa kwa zamu. Katika nchi yetu hii ya mawe makubwa, mawe ya msingi yalipasuliwa kwa moto na maji, kazi inayojeruhi macho na mikono. Usukuma una desturi ya kale ya watu kulima na kujenga pamoja kwa wito, huku wakiimba, na misioni iliikuta desturi hiyo ikaitumia. Padre alipima, akasimamia, akaandika barua Ulaya kuomba fedha za misumari na milango, na mara nyingi alishika mwiko mwenyewe. Hatuipunguzi sifa yake hata kidogo. Lakini kusema yeye alijenga ni kama kusema nahodha alivusha mtumbwi pasipo wapiga makasia.

Mtu atatuambia: hayo ni maneno tu, kila mtu anajua maana yake. Sivyo. Mtoto wa darasa la nne hajui. Yeye akisoma kwamba Padre alijenga, ataamini kwamba babu yake alikaa kivulini akitazama.

Sasa tuje kwa walimu, maana hapa ndipo vitabu hivi vinapotuumiza zaidi. Kabla ya shule kuandikwa serikalini kulikuwa na shule za katekesi, na shule hizo hazikuwa chache. Katika kila kigango palikuwa na banda, na bandani palikuwa na katekista. Asubuhi aliwafundisha watoto sala na mafundisho ya dini, akaongeza kusoma, kwa kuwa mkatekumeni alitakiwa asome mwenyewe kitabu chake. Kisha kuandika kidogo, na hesabu kadiri alivyoweza. Jioni akawafundisha wazee. Kardinali Lavigerie, aliyewatuma Mapadri Weupe, alikuwa amewaagiza wajifunze lugha za wenyeji na kuzitumia, na alitaka mkatekumeni angoje miaka minne kabla ya kubatizwa. Miaka minne ya mafundisho! Hebu tufikiri ni nani aliyeichukua miaka hiyo begani. Mapadri walikuwa wachache, na vigango vilikuwa mbali. Padre alifika, akauliza maswali, akaenda zake. Aliyebaki ni katekista, na lugha aliyofundishia ilikuwa Kisukuma, pengine kikichanganywa na Kiswahili alichokiokota misioni.

Halafu yakaja mageuzi. Mwaka 1927 Serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya elimu ya Waafrika, na fedha za msaada zikaanza kutolewa kwa shule zilizofuata kanuni zake, yaani zenye mwalimu mwenye cheti, jengo la kufaa na masomo yaliyokubaliwa. Mwaka uliofuata, 1928, alikuja Dar es Salaam mjumbe wa Baba Mtakatifu, Monsinyori Arthur Hinsley, akawahimiza maaskofu na mapadri washirikiane na Serikali kwa nguvu zao zote katika kazi ya shule, hata akawaambia kwamba wakishindwa kuyafanya yote mawili, heri kanisa lingoje na shule itengenezwe. Neno hilo lilikuwa zito. Kwa neno hilo tulipata shule za kweli, nasi tusioneshe uso wa watu wasio na shukrani. Lakini tuone pia lililompata yule wa bandani. Kwa hesabu ya Serikali yeye hakuwa mwalimu tena, na banda lake halikuwa shule. Kijana mwenye cheti alikuja, akapewa nyumba na mshahara. Katekista akaachiwa mafundisho ya dini na posho ndogo, na pengine akatakiwa kufagia kanisa.

Mtungaji wa kitabu cha jubilei naye amefuata hesabu ile ile. Orodha yake ya walimu yaanza na yule wa kwanza mwenye cheti. Miaka yote iliyotangulia imeitwa wakati wa maandalizi. Je, yule kijana mwenye cheti alifundishwa na nani kusoma herufi ya kwanza hata akapata kwenda chuoni? Hapana shaka ni katekista wa kigango chao. Mti umeandikwa, mzizi umeachwa ardhini.

Tunajua katekista mmoja ambaye historia haikumsahau, naye ni Adriano Atiman wa Karema, kwenye Ziwa Tanganyika. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa uganga huko Malta, akafika Karema mwaka 1889, akakaa huko akitibu na kufundisha hata alipokufa mwaka 1956. Habari zake zimeandikwa kwa lugha nyingi. Twamheshimu sana. Lakini twaomba msomaji aangalie sababu ya kukumbukwa kwake: alikuwa daktari, na alitoka mbali. Kama angalikuwa mtu wa kijiji hiki hiki, akafundisha miaka ile ile zaidi ya sitini, pasipo uganga, tungalimjua?

Juu ya wasichana tutasema neno moja tu, si kwa kuwa ni dogo bali kwa kuwa kitabu chenyewe hakikutuachia la kuchambua. Katika orodha ya wanafunzi waliopata sifa hakuna hata mwanamke mmoja. Kuna picha yao moja, wamebeba maji siku ya sherehe.

Ukurasa unaofuata ndio uliotufanya tushike kalamu. Kitabu kimeeleza miaka ya wamisionari kwa mapana, kisha kikafika mwaka 1970, kikasema kwamba shule ilichukuliwa na Serikali, na mara, katika aya ile ile, kikaruka hata siku za karibuni ambapo parokia ilifungua shule mpya. Robo karne na zaidi imemezwa na kituo kimoja cha wino.

Tueleze mambo yalivyokuwa, kwa ajili ya vijana. Baada ya Azimio la Arusha, mwezi wa Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitoa maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyoanza kutumika mwaka 1970, iliziweka mikononi mwa Serikali shule zilizokuwa zikipewa fedha za msaada, nyingi zikiwa za misioni. Neno kuchukuliwa linaandikwa katika vitabu vyetu kwa uchungu, kana kwamba mwizi alipita usiku. Lakini mwenye kutunga sheria ile alikuwa mwenyewe mwalimu wa shule za misioni: alifundisha St. Mary's, Tabora, shule ya Mapadri Weupe, na baadaye Pugu. Alijua alichokigusa. Mtoto wa Mwislamu, na wa Mlutheri, na wa mzee asiye na dini ya kigeni, wote walikuwa na haki ya kukaa kwenye dawati lile lile bila mtu kuuliza amebatizwa au la. Mtu aweza kubisha juu ya namna jambo lilivyofanyika. Sisi pia tuna mashaka yetu, hasa juu ya majengo yaliyoachwa kuharibika kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyesema ni yangu. Lakini kubisha ni kuandika. Kuruka si kubisha.

Na nini kilitokea katika miaka iliyorukwa? Mwaka 1974, katika mkutano wa Musoma, hapa hapa ziwani kwetu, iliamuliwa kwamba kila mtoto wa umri wa shule aingie shuleni, na kazi hiyo itimie mwaka 1977. Zamani za ukoloni watoto wengi walikomea darasa la nne, na zaidi hawakufika hata hapo. Sasa milango ikafunguliwa, wakaingia wote, wakakaa chini, wakakaa madirishani. Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kwa makumi ya maelfu katika nchi nzima, wakafundisha huku wakifundishwa wenyewe, kwa masomo ya barua na ya redio na kwa wakufunzi waliozunguka. Watu waliwaita walimu wa UPE, na jina hilo lilisemwa kwa kejeli. Wengine hawakujua vema walichofundisha, tusifiche. Wengine walijifunza usiku kwa kibatari somo la kesho, wakalifundisha asubuhi kwa uaminifu kuliko wenye vyeti vikubwa. Katika kizazi chetu sisi tunaoandika leo, wengi tulizaliwa na wazazi waliofundishwa na walimu hao. Ndio waliotushika mkono tukaandika a na e kwenye mchanga uani.

Basi mzazi wa namna hiyo anapokuja kwenye jubilei, akanunua kitabu, akatafuta miaka aliyokaa katika shule ile iliyo kando ya kanisa, akakuta haipo, ataelewa nini? Ataelewa kwamba hakuwa mwanafunzi wa shule hiyo. Kumbe alikaa katika madarasa yale yale, kengele ile ile ikimwita, na padre akija siku ya kipindi cha dini kufundisha, maana Serikali haikuwafungia mapadri mlango. Alipanda miti inayoonekana katika picha ya jalada! Miti imeingia kitabuni, aliyeipanda ameachwa nje.

Tumefika sasa kwenye shule mpya, na hapa yatupasa kusema kwa uangalifu, kwa sababu jambo hili lingali hai na lina watu ndani yake. Mwezi wa Februari 1992 Serikali na makanisa walitia sahihi mapatano juu ya huduma za elimu na afya. Mwaka 1995 Sheria ya Elimu ikarekebishwa, na watu na mashirika wakapata tena nafasi pana ya kumiliki shule. Parokia nyingi zilifungua shule za msingi, na sehemu kubwa ya hizo hufundisha kwa Kiingereza na kutoza ada. Kitabu chetu chasema kwa furaha kwamba shule imerudi nyumbani.

Je, iliyorudi ndiyo iliyoondoka? Hapo ndipo twatofautiana na mtungaji. Shule ya bandani ilimpokea mtoto kwa sababu alikuja. Shule ya mwaka 1977 ilimpokea kwa sababu sheria ilimtaka aje. Shule mpya humpokea kwa sababu mzazi wake amelipa. Hatusemi kulipa ni dhambi. Mwalimu ni lazima ale, chaki haioti, na basi la shule halitembei kwa maji matakatifu. Tena tukiri mapema kabla hatujakumbushwa na wengine: sisi tunaoandika haya tunafundisha katika shule ya namna hiyo, na mkate wetu unatoka katika ada hizo. Watoto wetu wanafaulu, na wazazi wao wengi hujinyima sana ili walipe. Lakini shule mpya si mwendelezo wa ile ya kwanza kwa sababu tu imesimama katika kiwanja kimoja nayo na kuitwa jina moja la mtakatifu. Mwendelezo unataka uthibitisho mwingine, nao haumo kitabuni.

Katika parokia ile tunamjua mama mmoja mzee. Shule mpya ilipojengwa kila jumuiya ndogo ndogo ilipewa fungu lake, na jumuiya yake ilipewa mchanga. Alibeba mchanga kutoka mtoni hata fungu likatimia. Leo mjukuu wake hupita mbele ya lango la shule hiyo kila siku akienda shule ya Serikali iliyo mbele zaidi, kwa kuwa ada haipatikani. Mama huyu halalamiki. Alipoulizwa alisema mchanga aliubeba kwa ajili ya Mungu. Jibu lake ni zuri na ni la kwake. Lakini mwandishi wa historia hana ruhusa ya kulitumia kama pazia. Ilimpasa aandike pande zote mbili: mchanga ulitoka wapi, na ni nani wanaoingia langoni. Kitabu kimeandika kwamba waumini walichangia kwa moyo mkunjufu, kikanyamaza.

Mtungaji alipopata habari kwamba tunasema maneno haya alitujia mwenyewe, akatujibu kwa upole, nasi twashukuru. Alisema: niandike nini, wakati wazee wamekufa na karatasi hakuna? Swali hili ni la haki, na walimu wengi watakaoitwa kuandika watakutana nalo. Jibu letu ni kwamba karatasi zipo, ila tunazitafuta mahali pasipo pake. Lavigerie aliwaamuru wamisionari wake kuandika shajara ya kila siku katika kila kituo, nao walitii. Shajara hizo ziliandikwa kwa Kifaransa, na mara nyingi zaeleza mvua, homa, na ugomvi juu ya ng'ombe kuliko mambo ya roho. Lakini humo mtu huona ni siku gani watoto walikuja na siku gani walikimbilia mavuno. Kwa miaka ya baada ya 1970 kuna madaftari ya mahudhurio na vitabu vya wageni katika ofisi za walimu wakuu, vingine vimeliwa na mchwa, vingine bado. Na wenye kukumbuka miaka hiyo hawajafa. Wameketi katika viti vya nyuma kanisani, na hakuna aliyewauliza.

Lakini palipo rahisi kuliko pote ni kabati la ofisi ya paroko. Tulimwomba mtungaji twende naye, tukapewa ruhusa, tukafungua vitabu vya ubatizo vya kale. Vimeandikwa kwa Kilatini, kwa mkono mwembamba uliolala upande. Kila aliyebatizwa ana mstari wake: tarehe, jina, wazazi, kijiji, na mwishoni jina la msimamizi. Tulikuwa tukitafuta majina ya wanafunzi wa kwanza. Hatukwenda mbali kabla ya kuona jambo lingine. Katika kijiji kimoja, ukurasa baada ya ukurasa, msimamizi ni yule yule. Watoto wa ukoo huu na wa ukoo ule, vijana, hata wazee wa kubatizwa kitandani, wote wamesimamiwa na mtu mmoja, na mbele ya jina lake mahali pengine padre ameongeza neno fupi la kumtambulisha: katekista.

Mtungaji alikaa kimya kwa kitambo. Kisha akasema kwamba ukoo huo anaujua, na kwamba kitukuu wake huuza samaki katika soko la karibu. Jina lenyewe hatuliandiki hapa mpaka watu wake waulizwe. Kitabu cha jubilei kina ukurasa mmoja mtupu mwishoni, uliowekwa kwa ajili ya msomaji kuandika kumbukumbu zake. Katika nakala yetu tumeliandika jina hilo pale, kwa wino, na miaka yake ya kwanza na ya mwisho kama ionekanavyo katika kitabu cha ubatizo, na chini yake tumeacha nafasi, kwa kuwa vijiji ni vingi na tulifungua kitabu kimoja tu.